Mguu Mkavu: Historia ya Ugonjwa wa Matope wa Farasi na Punda

Ndugu mkulima, leo tuweke jembe chini kidogo tuzungumze juu ya mguu. Si mguu wako wewe, la. Ni mguu wa yule anayekubebea maji, kuni, mbolea na magunia ya mahindi, yaani punda wako. Na kwa wale wachache wenye farasi, ni mguu wa farasi.

Masika yakishika, zizi hugeuka tope. Punda anasimama humo usiku kucha, na asubuhi anatoka humo kwenda kazini. Baada ya wiki mbili tatu unaona nywele za nyuma ya mguu, pale juu kidogo ya kwato, zimeshikamana. Ukizigusa, chini yake kuna vigaga. Ukikibandua kimoja, ngozi ni nyekundu, inatoa majimaji au usaha, na punda anavuta mguu au anakurushia teke. Wewe unasema, "Huyu ameanza kiburi." Si kiburi hicho, ndugu yangu. Ni maumivu.

Sasa utafanya nini? Wengi wetu tunakimbilia ndoo. Asubuhi tunaosha mguu, jioni tunaosha mguu, kisha tunamrudisha mnyama zizini na miguu yake inachuruzika maji. Na ugonjwa unazidi! Tunaosha kwa nia njema, lakini mguu unazidi kuoza. Kwa nini?

Ili tulijibu swali hilo vizuri, itabidi tusafiri kidogo katika historia. Watu wamebishana juu ya mguu huu kwa zaidi ya miaka 200, na yaliyowapata yanaweza kutuokolea fedha na wanyama. Safari yetu inaanzia Uingereza, nchi ya mvua nyingi, ambako zamani farasi ndiye aliyelima, ndiye aliyevuta mizigo, na ndiye aliyebeba watu.

Katika karne ya 18 wakulima wa huko waliujua sana ugonjwa wa nyuma ya kwato. Waliuita kwa neno lao lenye maana ya grisi, kwa sababu mguu ulitoa ute mzito wenye mafuta na harufu mbaya. Je, walidhani unatokana na nini? Wengi waliamini kuwa damu ya farasi imeharibika, na kwamba uchafu wa mwilini umeteremka miguuni kutafuta njia ya kutokea. Basi tiba ikawa kumtoa farasi damu, kumnywesha dawa ya kuharisha, na kumpaka mguuni dawa kali za kuunguza. Maskini mnyama! Ana kidonda mguuni, wao wanampunguzia damu na nguvu. Mazizi yenyewe yaliachwa vilevile, machafu na yenye maji.

Tusiwacheke sana. Wakati huo hakuna aliyejua habari za vijidudu vya maradhi. Chuo cha kwanza cha kufundisha udaktari wa mifugo Ulaya kilifunguliwa Lyon, Ufaransa, katika miaka ya 1760, na cha London kilianzishwa mwaka 1791. Elimu yenyewe ilikuwa bado changa.

Hapo ndipo anapoingia mtu mmoja ambaye kazi yake ilikugusa hata wewe. Jina lake ni Edward Jenner, daktari wa watu katika mji mdogo wa Berkeley, magharibi ya Uingereza. Wakulima wa sehemu zile walisema kuwa mkamuaji aliyekwisha ambukizwa ndui ya ng'ombe, yenye vipele vichache tu mikononi, hashikwi na ndui ile kubwa inayoua watu. Tarehe 14 Mei 1796 Jenner alichukua majimaji ya kipele katika mkono wa mkamuaji mmoja, Sarah Nelmes, akamchanja nayo mtoto wa miaka 8 aitwaye James Phipps. Baadaye alipomtia yule mtoto ndui yenyewe, mtoto hakuugua. Huo ukawa mwanzo wa chanjo.

Utaniuliza, "Sasa ndui inahusianaje na mguu wa farasi?" Ngoja nikueleze. Mwaka 1798 Jenner alichapisha kitabu, na humo aliandika kwamba ndui ya ng'ombe haianzii kwa ng'ombe. Alisema inaanzia katika mguu wa farasi, katika ule ugonjwa wa grisi. Mtumishi anamsafisha farasi vidonda vya mguu, hanawi mikono, kisha anakaa chini kumkamua ng'ombe. Ugonjwa unapanda kwenye chuchu, na kutoka kwenye chuchu unaingia mkononi mwa mkamuaji mwingine.

Watu walimbishia. Wengine walichukua ute wa miguu ya farasi wagonjwa wakawatia ng'ombe, wala hakikutokea kitu. Mwaka 1801 daktari mmoja wa Yorkshire, John Loy, alitoa jibu la maana sana. Alisema ugonjwa huo wa grisi si mmoja, ni namna mbili. Namna moja ni ya mguuni tu. Namna ya pili inampata farasi pamoja na homa, na hiyo ndiyo inayoambukiza ng'ombe na watu. Kwa maneno mengine, watu walikuwa wameyaita magonjwa mawili kwa jina moja. Siku hizi tunajua kuwa ndui ya farasi ilikuwapo kweli, nayo inaletwa na virusi. Mwaka 2017 wataalamu walichunguza chanjo ya ndui iliyotengenezwa Marekani mwaka 1902, wakakuta kuwa virusi vyake vinafanana mno na vile vya ndui ya farasi. Ndui yenyewe ilimalizwa kwa chanjo: mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Merca, Somalia, mwaka 1977, na mwaka 1980 dunia ikatangaziwa kuwa ndui imekwisha.

Mimi nachukua mambo mawili katika habari hiyo. La kwanza, anayegusa kidonda cha mnyama anawe mikono kwa sabuni kabla hajagusa mnyama mwingine au chakula. La pili, vigaga mguuni ni dalili, si jina la ugonjwa. Dalili moja inaweza kuwa na wazazi wengi.

Wazazi hao walianza kuonekana kwa macho ya darubini katika miaka ya 1880. Daktari mpasuaji wa Aberdeen huko Uskoti, Alexander Ogston, alichunguza usaha, akaona vijidudu vya mviringo vilivyokusanyika kama kichala cha zabibu. Mwaka 1882 alivipa jina la stafilokoka. Vijidudu vya jamaa hiyo hukaa juu ya ngozi ya watu na ya wanyama bila kuleta fujo, kama jirani mpole. Lakini ngozi ikipasuka, jirani yule anageuka mwizi. Basi ikaeleweka kuwa usaha wa mguuni hauteremki kutoka kwenye damu mbaya. Kuna kitu kinachoingia kutoka nje. Swali likabaki: ni nani anayekifungulia mlango?

Jibu lilionekana katika vita, tena kwa gharama kubwa. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ya 1914 mpaka 1918, majeshi ya Ulaya yalitegemea farasi na nyumbu kuvuta mizinga na kubeba risasi na chakula. Katika nchi ya Flanders, Ubelgiji, ardhi ni tambarare, ni ya mfinyanzi, na maji yako karibu. Wakulima wa kule walikuwa wameikausha kwa mifereji waliyoitunza vizazi na vizazi. Mizinga ikaja ikaifumua mifereji yote. Mwaka 1917, katika mapigano ya Passchendaele yaliyoanza mwisho wa Julai hadi Novemba, mvua ilinyesha juu ya ardhi isiyo na mifereji, na nchi nzima ikawa uji. Farasi na nyumbu walitumbukia tope la tumboni, na wengine walizama wakafa humo humo.

Waliopona kuzama walirudi kwenye kambi wakafungwa kwa safu, miguu ndani ya tope usiku na mchana. Ngozi ya miguu ikalainika, ikapasuka, ikaingiwa na vijidudu. Mguu ukavimba na kuota vidonda. Hospitali za jeshi la Uingereza za kutibu wanyama huko Ufaransa zilipokea farasi na nyumbu zaidi ya 700,000 katika vita hiyo, kwa majeraha na magonjwa ya kila aina, na zaidi ya 500,000 waliponywa wakarudishwa kazini.

Walijifunza nini? Kwanza, askari waliotunza wanyama waliokota matofali ya nyumba zilizobomoka wakayatandika chini, ili farasi asimame juu ya kitu kigumu na maji yapite. Pili, walijifunza juu ya manyoya. Ili kupambana na upele unaoletwa na utitiri, farasi walinyolewa mwili mzima. Upele ulidhibitiwa, lakini mnyama aliachwa bila koti katika baridi na mvua. Mapema mwaka 1917 farasi wengi walikufa kwa baridi na uchovu, na baadaye unyoaji ulipunguzwa. Manyoya ni paa la ngozi. Ukiliondoa paa wakati wa mvua, usishangae nyumba ikivuja.

Na katika vita hiyo hiyo, mwaka 1915, mbali kabisa na Flanders, jambo jingine lilitokea hapa Afrika. Katika Kongo iliyokuwa ikitawaliwa na Wabelgiji, daktari wa mifugo aitwaye René Van Saceghem aliwachunguza ng'ombe wenye vigaga vinene mwilini. Ndani ya vigaga aliona kijidudu cha ajabu, chenye nyuzi nyuzi zinazojigawa. Akakiita Dermatophilus congolensis, maana yake "mpenda ngozi wa Kongo".

Jina ni la Kongo, lakini mwenyewe ni msafiri. Australia alikutwa katika sufu ya kondoo, akapewa jina jingine. Uskoti alikutwa katika miguu ya kondoo, akapewa jina la tatu. Mwaka 1964 mtaalamu wa Marekani, Morris Gordon, aliwalinganisha wote akaonyesha kuwa ni yule yule mmoja. Huyu ndiye mmoja wa vijidudu vinavyoleta vigaga vya mgongoni na miguuni kwa farasi na punda walionyeshewa sana. Kwa ng'ombe wa Afrika ni adui mbaya zaidi, hasa palipo na kupe wengi.

Sasa sikiliza vizuri namna anavyofanya kazi, maana hapa ndipo lilipo jibu la ile ndoo yetu ya maji. Ndani ya kigaga kikavu kijidudu hiki hulala kama mbegu ghalani. Anaweza kulala hivyo kwa muda mrefu, hata zaidi ya mwaka. Kigaga kikilowa, mbegu zinaamka, zinaota vimikia na kuanza kuogelea! Katika miaka ya 1960 mtafiti wa Australia, D. S. Roberts, alionyesha kuwa zinavutwa na hewa ya kaboni dayoksaidi, ile ile tunayoitoa tunapopumua. Ngozi nayo hutoa kidogo ya hewa hiyo. Basi mbegu inaifuata ngozi kama mbwa anayefuata harufu ya nyama. Lakini ngozi nzima yenye mafuta yake ya asili haipenyeki kwa urahisi. Inapenyeka pale ilipolainika kwa maji, iliposuguliwa na mchanga wa tope, iliposhikwa na kamba, au ilipoumwa na kupe na nzi.

Unaona sasa? Tope lina makosa yake, lakini mfungua mlango ni unyevu. Sisi tunaoosha mguu asubuhi na jioni tukauacha umelowa, tunawaamsha maadui waliolala na kuwafungulia mlango kwa mikono yetu wenyewe.

Punda ana shida zaidi ya farasi. Yeye ni mtoto wa nchi kavu. Utafiti wa vizazi vya punda uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa walianza kufugwa hapa Afrika, yapata miaka 7,000 iliyopita. Manyoya yake hayamkingi vizuri na mvua. Kwa hiyo usiseme, "Huyu ni punda tu, amezoea." Hakuzoea. Amevumilia.

Basi, ndugu mkulima, tufanyeje? Tufuate yale ambayo historia imelipia gharama.

Kwanza, tengeneza mahali pakavu. Huhitaji saruji. Chagua sehemu iliyoinuka katika zizi, chimba mfereji wa kupeleka maji chini, mwaga kokoto, changarawe au vipande vya matofali, ushindilie. Ukiweza, ezeka juu yake kwa makuti au nyasi. Sehemu hiyo iwatoshe wanyama wako wote kusimama na kulala. Ondoa kinyesi kila siku, maana mkojo na kinyesi huunguza ngozi.

Pili, mnyama akirudi na matope miguuni, na hana ugonjwa, usikimbilie ndoo. Mfunge mahali pakavu, tope likauke, kisha liondoe kwa brashi laini au kwa kitambaa kigumu. Ikikulazimu kuosha, osha mara moja kwa maji safi, kisha kausha kwa kitambaa mpaka kwenye mikunjo ya nyuma ya mguu. Usimrudishe kwenye tope na mguu mbichi.

Tatu, vigaga vikianza, mpumzishe kazi, umweke pakavu kabisa. Punguza kwa mkasi nywele ndefu za pale penye vigaga tu. Lainisha vigaga kwa maji ya uvuguvugu yenye dawa ya kuua vijidudu iliyopimwa kama bwana mifugo alivyoelekeza. Vile vinavyolegea vitoe taratibu. Usivibandue kwa nguvu, utaongeza kidonda. Kisha kausha sawasawa. Vigaga ulivyovitoa vichome moto. Usipake oili chafu ya gari, usipake majivu ya betri, usipake dawa ya kuogeshea ng'ombe bila kuuliza. Brashi na kamba za mgonjwa zisitumike kwa mwingine. Na mikono unawe, tena kwa sabuni! Mwaka 1961 ilitangazwa huko New York kuwa watu waliomshika paa mgonjwa walipata vipele vya kijidudu hiki hiki cha Kongo.

Nne, mwite bwana mifugo mapema ukiona mguu umevimba na una joto, mnyama anachechemea, ana homa au hali. Usinunue sindano ya penisilini dukani ukajichomea tu. Umekwisha ona katika historia yetu kwamba dalili moja ina wazazi wengi. Kama ni utitiri, penisilini ni fedha uliyoitupa. Muulize pia juu ya chanjo ya pepopunda. Lugha yetu yenyewe imemtaja punda katika jina la ugonjwa huo, na kweli farasi na punda ni wepisi mno kuupata. Kidonda cha mguuni katika tope lenye samadi ni njia yake.

Tano, kuna sehemu ambayo wengi wanaona haya kuitazama. Ni govi la dume, yaani ule mfuko wa ngozi unaofunika uume. Kama ilivyo mguuni, nako kuna mikunjo, joto na unyevu. Dume anayelala kwenye tope na samadi anaweza kuota vidonda humo, nzi wakaja, akavimba na kutoa usaha wenye harufu. Aliyehasiwa naye mtazame, maana baadhi yao hawatoi uume vizuri wakikojoa, na uchafu hujikusanya. Lakini hapa nako usizidishe kuosha. Nta kidogo ni ya kawaida, na vijidudu vinavyokaa humo kwa amani huwazuia wabaya. Inapobidi, tumia maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, suuza vizuri, wala usitie dawa kali ya kuua vijidudu. Ukiona uvimbe mkubwa, kidonda kisichopona, au mnyama anajikamua bila kukojoa, usingoje kesho. Hiyo ni kazi ya daktari.

Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mguu wa punda msemo huu si mfano tu, ni kweli tupu: ugonjwa unaanza na ufa mdogo nyuma ya kwato. Kuna msemo mwingine tunaoupenda mno, kwamba punda afe lakini mzigo ufike. Huo, ndugu yangu, tuuache. Punda akifa, mzigo wa leo huenda ukafika, lakini wa kesho utaubeba wewe kichwani, au mama watoto, au mtoto atakayekosa shule kwa ajili ya kuchota maji.

Kwa hiyo jioni ya leo, kabla hujala, nenda zizini na taa. Inua mguu mmoja mmoja, pitisha kidole nyuma ya kwato. Ukikuta pakavu na laini, mshukuru Mungu, ulale. Ukikuta kigaga, iache ndoo ilipo, chukua jembe ukachimbe mfereji.

Kwa leo tuishie hapo. Kazi njema, ndugu mkulima.